Kuhamisha leseni ya programu iliyotumika kwenda kwa mtu mwingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila mtu anapotaka kuuza, kununua au kumpa ndugu yake programu ambayo imeshatumika. Yameanza na ya kawaida halafu yanaelekea kwenye yale yenye kona. Jibu likiwa sehemu nyingine utapewa namba ya swali, hatutarudia.

## Misingi kwanza

1. Nimelipia kwa hela yangu, kwa nini nisiiuze kama ninavyouza simu iliyotumika?

Kwa sababu simu ulinunua kitu, programu ulinunua ruhusa. Programu yenyewe bado ni mali ya walioitengeneza, wewe umepewa kibali cha kuitumia na kibali kina masharti yake, kama tiketi ya ndege yenye jina lako ambayo umeilipia kabisa lakini jirani hawezi kusafiria. Masharti yenyewe ni yale maandishi marefu ambayo kila mtu anabonyeza "Nakubali" bila kusoma. Huko Marekani jimbo la California limetunga sheria iliyoanza kazi 2025, stoo ya kidijitali ikiandika "nunua" inatakiwa imwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu, maana watu walikuwa wanaamini wamenunua mali.

Ila usikate tamaa hapo, leseni nyingi tu zinahamishika kihalali kabisa. Kazi ni kujua yako iko kundi gani.

2. Sasa nitajuaje yangu inahamishika au haihamishiki?

Fungua mkataba wa programu, mara nyingi uko kwenye menyu ya msaada au tovuti ya kampuni, halafu usiusome wote, tafuta maneno mawili tu: "transfer" na "assign". Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza na hayo ndiyo maneno yanayobeba habari yote. Utakuta moja kati ya haya: imekatazwa kabisa, inaruhusiwa kwa idhini ya kampuni, au inaruhusiwa kwa masharti. Masharti yenyewe huwa yanafanana: uhamishe mara moja tu, utoe kila kitu pamoja na nakala zote, usibaki na chochote, na anayepokea akubali mkataba ule ule ulioukubali wewe.

Angalia mkataba wa toleo LAKO, sio wa toleo jipya. Kampuni zinabadilisha masharti kila toleo na watu wanabishana wiki nzima kumbe kila mmoja anasoma karatasi tofauti. Mkataba ukiwa kimya kabisa kuhusu kuhamisha, andikia sapoti, na jibu lao litunze.

3. Watu wanasema "inategemea leseni inakaa wapi", ndio nini hiyo?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote na ukilielewa mengine utajijibu mwenyewe. Leseni haielei hewani, ina mahali imeshikiliwa.

Inaweza kukaa kwenye ufunguo, ile mistari ya herufi na namba, hii ni ya kizamani na ndiyo rahisi kuhamisha na pia ndiyo rahisi kutapeliwa. Inaweza kukaa kwenye mashine, yaani imefungwa na mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) ya kompyuta moja, kwa hiyo inaenda pale mashine inapoenda. Inaweza kukaa kwenye akaunti yako, barua pepe na nywila, na hizi ndizo zinazosumbua sana kwa sababu kampuni nyingi haziruhusu akaunti kubadilisha mwenyewe. Na inaweza kukaa kwenye kiflashi cha USB kinachochomekwa kila unapotumia programu (swali la 13).

Kabla hujatangaza kuuza chochote jiulize hiyo. Mtu anakuja anasema "nauza programu fulani" halafu ukimuuliza leseni iko wapi hajui, huyo bado hana cha kuuza.

4. Nimemtumia ufunguo kwenye WhatsApp, si nimeshahamisha?

Hapana, umemtumia maandishi. Leseni inahesabika imehama pale ambapo wewe huna tena na yeye anayo, na kwa kampuni nyingi hiyo inamaanisha: umeidiaktiveti (umeizimia leseni) kwenye mashine yako, umeifuta programu, umefuta na bakapu zako (au umempa), na kama kuna usajili wa jina basi jina limebadilishwa kwenye rekodi za kampuni. Kama jina lako bado liko kule wewe ndiye unaonekana mwenyewe, siku mwenzio mashine ikimfia akaomba sapoti imrudishie leseni wataiangalia barua pepe, wataona sio yake, na atarudi kwako.

Na lile la "nampa ila na mimi nabaki nayo kidogo nimalizie kazi" hapana jamani, hapo mmeshakuwa wawili kwenye leseni ya mmoja.

5. Programu za bure na zile za chanzo huria nazo zinahitaji kuhamishwa?

Hazihitaji. Kwenye GPL, kwa mfano, ambayo ni leseni inayotumiwa na programu nyingi za chanzo huria, kila anayepokea programu anapata leseni yake moja kwa moja kutoka kwa wenye haki wa mwanzo, hupitishi chochote wewe. Mpe tu. Ukiona mtu anakuuzia "leseni" ya LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, mkimbie.

## Windows, Office na Mac

6. Windows iliyokuja na laptopu yangu naweza kuiuza peke yake?

Huwezi. Hiyo inaitwa OEM, imeuzwa na mashine na inafia na mashine. Masharti ya Microsoft yanaruhusu kumpa mtu mwingine lakini pamoja na kompyuta yenyewe, pamoja na kibandiko chenye ufunguo kama kilikuwepo. Tangu enzi za Windows 8 ufunguo wa OEM unaandikwa ndani ya mazabodi kiwandani, ndio maana ukifomati ukaweka toleo lile lile inajiaktiveti bila kukuuliza kitu. Kwa hiyo ukiuza laptopu, Windows inaenda nayo yenyewe, huna haja ya kufanya lolote zaidi ya kutoa akaunti yako na mafaili yako.

Mazabodi ikiungua habari ya leseni hiyo kwa kawaida inaishia hapo, isipokuwa imebadilishwa na mtengenezaji kwenye waranti.

7. Na ya boksi, ile niliyonunua kivyake?

Hiyo ndiyo inayohama. Unaweza kuihamishia kompyuta yako nyingine, na unaweza kumpa mtu mwingine ilimradi wewe ni mtumiaji wa kwanza mwenye leseni na yeye akubali masharti. Soma tena hapo, mtumiaji wa KWANZA. Maana yake aliyeipokea kwako hana tena ruhusa hiyo ya kuipeleka kwa wa tatu. Ndio maana ukinunua ya mkononi uliza aliipata wapi.

8. Nitajuaje ninayo ipi, na naitoaje kwenye mashine yangu?

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `slmgr /dli`, ubonyeze Enter. Kitatokea kisanduku, humo tafuta neno. Ukiona OEM umeshajua, rudi swali la 6. Ukiona RETAIL ni ya kuhamishika. Ukiona VOLUME hiyo ni ya taasisi, sio yako ya kuuza hata kama iko kwenye kompyuta yako (swali la 18).

Kuitoa: `slmgr /upk` inaondoa ufunguo kwenye Windows, halafu `slmgr /cpky` inaufuta kwenye rejista ili asije mtu akauchomoa na kiprogramu. Lakini hakikisha kwanza umeuandika ufunguo mahali, watu wanafuta halafu ndio wanaanza kuutafuta. Jingine ambalo wengi hawalijui, amri hizi zinafanya kazi ndani ya mashine tu, haziwapelekei Microsoft taarifa kwamba umeacha kutumia. Kwa hiyo mwenzako akigomewa wakati wa kuaktiveti isimshangaze, hapo anapitia sapoti ya Microsoft anaeleza kwamba leseni imehama. Na kama uliunganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft, nenda kwenye orodha ya vifaa vya akaunti uondoe ile kompyuta.

Angalizo dogo: sapoti ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayekuuzia leseni yake kwa bei ya kitu kipya anakuchezea.

9. Office je?

Kuna mbili. Ya kulipia kila mwezi au mwaka, Microsoft 365, hiyo soma swali la 11. Ile ya kulipa mara moja, ufunguo ukishaingizwa unashikana na akaunti ya Microsoft ya aliyeuingiza, kwa hiyo ufunguo wenyewe baada ya hapo hauna kazi tena kwa mtu wa pili. Ukiuziwa "ufunguo wa Office uliotumika mara moja tu", jua umeuziwa namba iliyokwisha. Kama boksi halijafunguliwa ni habari nyingine, angalia swali la 20.

10. Nauza MacBook, na mfumo wake?

macOS inaenda na mashine, Apple wanaruhusu. Kinachokwamisha watu sio leseni ni ule ufungaji wa akaunti: ukiuza bila kutoka iCloud na kuzima "Find My" (ile ya kutafuta kifaa kilichopotea) aliyenunua anabaki na kipande cha bati. Programu ulizonunua App Store hazihami, ziko kwenye akaunti yako.

## Za kila mwezi, stoo za app na magemu

11. Nimelipia mwaka mzima imebaki miezi saba, naweza kumuuzia mtu hiyo miezi?

Kwa karibu zote hapana. Malipo ya kila mwezi au mwaka ni huduma kati yako na kampuni. Unachoweza ni kuzima ujirudiaji wa malipo ili usikatwe tena, na kuuliza kama kuna kurudishiwa. Antivairasi zinaingia humu humu, japo kuna chache zinakuruhusu kuondoa kifaa kimoja na kuongeza kingine ndani ya siku zilizobaki, lakini akaunti inabaki ya yule yule.

Kampuni nyingi kubwa zimehamia huku makusudi. Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zao nyingi 2016, Adobe nao waliachana na kuuza zile za kulipa mara moja za kundi la Creative Suite wakaenda Creative Cloud. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyoua soko la programu zilizotumika kuliko sheria yoyote, kwa sababu kitu cha kupanga huwezi kukiuza.

12. App za simu na magemu ya Steam, ile stoo ya magemu ya kompyuta? Si nimuuzie mtu akaunti nzima tu?

App za Apple na Google zinabaki kwenye akaunti. Kama lengo ni familia watumie pamoja, kuna kushirikishana kifamilia, kwa Apple ni wewe na watu wengine watano, Google Play nao ni hivyo hivyo, na Steam wana Steam Families ya watu sita. Hiyo sio kuhamisha, ukitoka kwenye kundi umetoka na vitu vyako.

Kuuza akaunti nzima ya Steam mkataba wao umekataza na akaunti inaweza kufungwa. Kuna chama cha walaji cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kiliwashtaki Valve wenye Steam, na Septemba 2019 mahakama ya Paris ikasema watu waruhusiwe kuuza magemu yao yaliyotumika, watu wakashangilia sana, lakini mahakama ya rufaa ikapindua Oktoba 2022. Kwa hiyo ukikutana na ile habari ya zamani inayosema "Steam sasa unaweza kuuza magemu" ujue imeshapitwa.

Zaidi ya mkataba kuna tatizo la kawaida tu la utapeli: muuzaji ndiye mwenye barua pepe ya mwanzo na risiti za mwanzo, wiki mbili baadaye anaandikia sapoti kwamba ameibiwa akaunti, anarudishiwa. Umelia. Haihusu Steam peke yake, ni akaunti yoyote ile.

## Programu za kazi: muziki, usanifu, uhandisi

13. Plugini za muziki (viprogramu vya kuongezea sauti) na DAW (programu kuu za kurekodi muziki) vipi, nasikia hizo zinauzika?

Ndio, huku ndiko soko la mkononi bado liko hai na lina utaratibu. Ableton na Native Instruments, kampuni za programu za muziki, wana njia rasmi ya kuhamisha leseni kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Plugini nyingi zinakaa kwenye iLok, huduma ya kutunza leseni, ambapo leseni inahamishwa kutoka akaunti ya iLok ya muuzaji kwenda ya mnunuzi, lakini mtengenezaji wa plugini ndiye anayeamua kama hiyo yake inahamishika na kama kuna ada. Kila kampuni ina mambo yake: wengine bure, wengine wanataka ada, wengine wanakupa ruhusa ya mara moja tu. Uliza nani analipa ada kabla ya kukubaliana bei, ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Za kwenye kiflashi cha USB, zamani ulikuwa unampa mtu kiflashi na mambo yameisha. Siku hizi angalia kama mfumo wake bado upo: Steinberg, wenye programu ya kurekodi muziki ya Cubase, walifunga huduma ya eLicenser, ule mfumo wa leseni za kwenye kiflashi, tarehe 20 Mei 2025, kwa hiyo ukiletewa Cubase ya zamani yenye kiflashi cha namna hiyo na leseni haikuhamishiwa mfumo mpya, fikiria mara mbili. Kiflashi kikipotea au kikivunjika nacho ni shughuli, kipime kwa kukichomeka kabla ya kulipa.

14. Nilinunua kwa bei ya mwanafunzi, au nimepata toleo la NFR. Naweza kuuza?

NFR ("not for resale") maana yake halikutengenezwa kuuzwa, basi. Ya mwanafunzi nayo kwa kawaida haihami, bei ulipewa kwa sababu ya hali yako na aliyenunua kwako hana hali hiyo. Baadhi ya kampuni zinakuruhusu ulipie tofauti iwe leseni kamili kwanza ndipo uihamishe. Vile vitoleo vidogo vinavyokuja bure na kinanda au kadi ya sauti pia mara nyingi havihami, usiahidi kwenye tangazo kabla hujauliza.

15. Nimeapgredi kwenda toleo jipya, lile la zamani si naweza kumpa mtu?

Hapana, na hapa watu wanaingia mkenge kwa nia njema kabisa. Bei ya apgredi ni ndogo kwa sababu umerudisha haki ya toleo la zamani, mbili zimekuwa moja. Ukiuza, unauza mnyororo wote, la zamani na jipya pamoja.

Kesi maarufu ya hili ni Vernor dhidi ya Autodesk huko Marekani. Ofisi moja ya wasanifu ilikuwa na programu ya kuchorea ya Autodesk, AutoCAD Release 14, ikaapgredi kwenda AutoCAD 2000, na makubaliano yalikuwa nakala za zamani ziharibiwe. Hazikuharibiwa, ziliuzwa, na Vernor akaziweka eBay. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema ile ofisi haikuwahi kuwa mmiliki wa nakala, ilikuwa na leseni tu, kwa hiyo haikuwa na cha kumuuzia na yeye hakuwa na cha kuuza. Diski halisi, kwenye maboksi halisi, na bado.

## Sheria inasemaje

16. Nasikia Ulaya wameruhusu hata mkataba ukikataza. Kweli?

Kweli kwa sehemu. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle. UsedSoft walikuwa wananunua na kuuza leseni za Oracle zilizotumika, Oracle wakasema programu ilipakuliwa mtandaoni na mkataba unakataza kuhamisha. Mahakama ikajibu kwamba ukimpa mtu nakala na leseni ya kuitumia bila kikomo cha muda kwa malipo ya mara moja, hayo ni mauzo, iwe diski iwe kupakua, na baada ya mauzo ya kwanza huwezi kumzuia aiuze tena.

Lakini walioishia kusoma kichwa cha habari wamekosa masharti. Moja, muuzaji lazima afanye nakala yake isitumike tena. Mbili, huwezi kukatakata leseni ya watumiaji wengi ukauza viti (nafasi za watumiaji) vilivyokuzidi. Tatu, iwe ya kudumu, ya kila mwezi haimo. Na mkataba wa matengenezo na sapoti ni huduma, hauendi wenyewe. Halafu mwaka 2016, kwenye kesi iliyotoka Latvia kuhusu programu za Microsoft, mahakama hiyo hiyo ikasema huwezi kuuza bakapu uliyojitengenezea hata kama diski ya mwanzo imeharibika au imepotea. Na 2019 wakasema vitabu vya kielektroniki havifuati njia hii ya programu.

17. Nje ya Ulaya?

Marekani mambo yanategemea kama umehesabika mmiliki wa nakala au mwenye leseni tu, na umeona swali la 15 lilivyoisha. Kukodisha programu za kompyuta kibiashara kule kumebanwa tangu 1990. Kwingineko soma sheria ya hakimiliki ya nchi yako, na ujue kwamba hata ukiwa na haki mahakamani, kama leseni iko kwenye seva ya kampuni na wao hawataki kuihamisha, haki yako haifungui programu.

18. Kazini kuna leseni hamsini, kumi hazitumiki, mfanyakazi anaweza kuondoka na moja?

Hapana, leseni ni ya kampuni, sio ya aliyekaa kwenye kiti. Kampuni yenyewe ikitaka kuhamisha, mfano imeuza kitengo au imemezwa na nyingine, inafuata utaratibu wa mtengenezaji, Microsoft kwa mfano wana fomu maalumu ya kuhamisha leseni za kudumu zilizonunuliwa kwa mkataba wa jumla. Mikataba mingine inasema kampuni ikibadilisha wamiliki tu inabidi uombe idhini. Wanasheria wanaosimamia mauziano wasisahau hili.

## Kununua bila kupigwa

19. Nitajihakikishiaje kabla ya kutoa hela?

Omba risiti ya mwanzo, yenye jina au barua pepe inayolingana na anayekuuzia. Omba skrinshoti ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha leseni imesajiliwa, ila usiitegemee yenyewe, skrinshoti mtoto mdogo anachezea. Kinachosaidia zaidi ni kuiandikia kampuni mwenyewe: nataka kununua leseni yenye namba hii kutoka kwa mtu, je inahamishika na haidaiwi chochote? Wengine watasema hawazungumzi na asiye mteja, basi muuzaji aandike na wewe uwekwe kwenye nakala ya barua pepe.

Nani aanze, hela au leseni? Kama kampuni ina utaratibu rasmi, anzisheni uhamisho mkiwa mnaongea, lipa kupitia njia yenye kurudisha hela au mtu wa kati anayeshika hela mpaka leseni ionekane kwenye akaunti yako. Kwako, sio "nimetuma ngoja kidogo". Muuzaji naye ajilinde, mnunuzi wa magumashi anapokea leseni halafu anafungua madai kwamba hajapata kitu, kwa hiyo tunza ile barua pepe ya kampuni inayothibitisha uhamisho.

Na mwandikishane, hata kwa barua pepe: programu gani, toleo lipi, namba ya leseni (ficha herufi za katikati), tarehe, bei, na sentensi moja ya muuzaji kwamba ameiondoa kwenye mashine zake zote na hana nakala. Inatosha, haihitaji mhuri.

20. Ile ambayo haijafunguliwa, nimepewa zawadi siihitaji?

Hiyo ni rahisi kuliko zote, haijaaktivetiwa, haijasajiliwa, mpe mtu au uza. Angalia tu kama ufunguo una tarehe ya mwisho ya kuingizwa au umefungwa kwa nchi fulani.

21. Kuna tovuti zinauza funguo kwa bei ya kutupa, ni leseni zilizotumika za halali?

Chache labda. Nyingi ni funguo za taasisi zinazouzwa kwa watu kibao, au za nchi nyingine, au zilizonunuliwa kwa kadi za wizi. Zinafanya kazi siku ya kwanza, ndiyo inayowadanganya watu wakaweka nyota tano. Kuaktiveti sio uthibitisho wa uhalali, ni uthibitisho kwamba seva haijashtuka bado. Wakiufungia ufunguo utarudi pale pale na muuzaji ameshabadilisha jina. Kama programu imechakachuliwa ndio kabisa, hapo hakuna leseni ya kuhamisha.

## Kesi ngumu

22. Mwenye leseni amefariki, familia inaweza kurithi?

Iliyoko kwenye ufunguo, kiflashi au mashine kwa kawaida inafuata vitu vyake. Iliyoko kwenye akaunti ndio ngumu. Apple wana utaratibu wa mtu wa kuachiwa urithi wa akaunti, lakini anapata picha, ujumbe na mafaili, hapati muziki, filamu wala vitabu vilivyonunuliwa. Mkataba wa Steam unasema akaunti haihamishwi. Programu za kazi zina unafuu, andika kwa sapoti ukiwa na cheti cha kifo na nyaraka za msimamizi wa mirathi, kampuni ndogo hasa huwa zinasaidia zaidi kuliko mkataba unavyosema. Usiharakishe kufunga barua pepe ya marehemu, huko ndiko namba zote zilikotumwa.

23. Nimeshanunua, sasa programu inasema leseni inatumika kwingine.

Muuzaji hajaidiaktiveti, au idadi ya mashine zinazoruhusiwa imejaa. Mtafute kwanza kwa upole, mara nyingi amesahau kompyuta ya zamani stoo. Kama mashine ile imeshakufa, kampuni nyingi zinaweza kufuta usajili wote kwa upande wao ila wataongea na jina lililoko kwenye rekodi, na ndio sababu ya kubadilisha jina mapema (swali la 4). Akikataa au akizima simu, tumia maandishi mliyoandikishana kudai kurudishiwa hela pale ulipolipia, na fanya haraka, madai hayo yana muda wake.

24. Kampuni iliyotengeneza imekufa, namhamishia vipi mtu?

Hakuna wa kubadilisha jina, kwa hiyo kilichobaki ni kutoa kila kitu mkononi: faili la kusakinisha, ufunguo, risiti, kiflashi kama kipo. Kwanza tafuta kama kuna aliyeinunua kampuni, leseni za zamani huwa zinaenda kwake. Kama programu ilikuwa inaulizia seva kila ikifunguka na seva imezimwa, haitafunguka kwa mnunuzi hata ukimpa vyote hivyo. Ijaribuni kwenye mashine yake, intaneti ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kabla hela haijatoka.